Tuanze na Kosa, Hatua Zifuate

Mwalimu afundishaye hatua pasipo sababu humwacha mwanafunzi mikono mitupu siku hatua hizo zitakaposhindwa. Naleta mfano kutoka nje ya madarasa yetu, katika karakana ya umeme nilikoketi kama mwanafunzi wa kozi fupi.

Somo lilihusu kile kidhibiti cha mitambo ambacho mafundi hukiita PLC. Tulitakiwa kukiandaa kihesabu mipigo ya umeme itokayo kwenye enkoda, yaani chombo kifungwacho kwenye mhimili wa mota, kitoacho mipigo 1,000 kwa kila mzunguko. Mkufunzi aliandika hatua ubaoni: chagua kihesabio cha kasi, taja mlango wa kuingizia, pakia programu. Tukanakili. Mwenzetu mmoja alipouzungusha mhimili taratibu mno kwa vidole, namba zilipanda. Mota ilipowashwa, zikasimama. Akauliza kwa nini. Akaambiwa arudie hatua tangu mwanzo, na alipoambulia yale yale akahesabiwa kuwa mzito wa kuelewa.

Kumbe alikuwa ameshika ufunguo. Kidhibiti chetu kilikuwa S7-1200 cha Siemens, ambacho milango yake ina chujio la kuzuia vurugu za umeme. Lisipobadilishwa, hupuuza ishara isiyodumu milisekunde 6.4. Mota ikizunguka mara 10 kwa sekunde, mipigo huwa 10,000, na kila mmoja hudumu milisekunde 0.05 tu. Chujio likipunguzwa hadi mikrosekunde 10, mipigo hupita. Hatua hiyo haikuwa ubaoni.

Wapo watakaouliza mwalimu wa shule ya msingi ana haja gani na mitambo hiyo. Simwombi aifundishe. Naomba tuone jinsi swali jema lilivyozimwa, kwani nasi huyazima mengi tunapofundisha kugawanya.

Mimi ningeanza na kosa lenyewe. Kwa kawaida PLC husoma milango yake mara moja katika kila mzunguko wa programu. Litokealo katikati halionwi. Hili laweza kuigizwa bila umeme. Mtoto mmoja afumbe macho, ayafumbue mara moja kila mwalimu apigapo kofi, na ahesabu mkono wa mwenziwe uinukao na kushuka. Mkono ukienda polepole, hesabu ni sahihi. Ukiharakishwa, hesabu hupungua, na darasa zima litacheka. Hapo ndipo aketishwe mtoto wa tatu asiyefumba macho, ambaye kazi yake ni kutia kijiwe koponi kila mkono uinukapo. Huyo ndiye kihesabio cha kasi: hangoji kofi la mtu. Kisha aagizwe asitie kijiwe mpaka mkono ukae juu hadi ahesabu tatu kimoyomoyo. Kopo litabaki tupu, nalo darasa litagundua lenyewe alilolitafuta mwenzetu.

Mwelekeo wa mzunguko, ambao huhitaji ishara mbili zinazopishana, bado sijaupatia mchezo mwepesi. Nimejaribu mikono miwili. Watoto huchanganyikiwa, nami pia.