Raha ya Shingo ni Sehemu ya Usalama

Malalamiko juu ya viegemeo vya kichwa katika magari mapya yameenea kiasi kwamba hayawezi tena kuchukuliwa kuwa ni deko la wenye nafasi. Mtu hununua gari, hukaa kwenye usukani, na kabla hajafika mbali hugundua kwamba kiegemeo kinamsukuma kisogo, kidevu kinashuka kuelekea kifuani, na shingo imeanza kuuma. Baadhi huvumilia. Wengine hukichomoa kiegemeo na kukitupa katika buti, au hukigeuza upande wake wa mbele utazame nyuma.

Yapo mambo mawili yanayopasa kusemwa kwa pamoja katika suala hili. La kwanza ni kwamba malalamiko hayo ni ya kweli, nayo yana sababu inayoweza kupimwa kwa rula. La pili ni kwamba dawa wanayoitumia wengi, yaani kukiondoa au kukigeuza kiegemeo, ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Watunga sheria na waunda viti wamelishughulikia sana hilo la pili, lakini la kwanza hawajalipa uzito unaostahili. Matokeo yake ni kwamba chombo kilichokusudiwa kuilinda shingo ya dereva kinalala katika buti pamoja na jeki na gurudumu la akiba.

Sehemu ya kosa imo katika jina. Watu hukiita mto, na kwa kukiita hivyo hutarajia kukilalia. Kiegemeo cha kichwa hakikuwekwa kwa ajili ya kulaliwa. Ni kizuizi, na kazi yake huonekana katika ajali ya namna moja hasa: gari linapogongwa kwa nyuma. Serikali ya Marekani iliweka sharti kwamba magari madogo ya abiria yaliyoundwa kuanzia tarehe 1 Januari 1969 yawe na vizuizi hivyo katika viti vya mbele, na nchi nyingine nazo zikatunga kanuni zao.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma kanuni ya kwanza ya Newton anaweza kulieleza jambo hili bila msaada wa mtaalamu. Kila kitu hung'ang'ania hali yake, ya kutulia au ya kwenda, mpaka kani kutoka nje iibadilishe. Gari lililosimama katika foleni linapogongwa kwa nyuma, mgongo wa kiti humsukuma dereva kiwiliwili kwenda mbele mara moja. Kichwa, chenye tungamo la kilo 4.5 hivi, hakijasukumwa na kitu, kwa hiyo hubaki pale kilipokuwa. Kiwiliwili huenda na kichwa hubaki, na kinachoviunganisha ni shingo yenye pingili 7. Kwa muda mfupi mno shingo hujikunja kwa umbo la herufi S: pingili za chini hupinda upande mmoja na za juu upande mwingine. Hapo ndipo mishipa, kano na viungo vidogo huumia. Majeraha hayo mara nyingi hayaonekani katika picha ya eksirei, lakini maumivu yake yaweza kudumu miezi, na kwa baadhi ya watu hata miaka.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini waunda viti wamekuwa wakikisogeza kiegemeo karibu na kisogo. Na ichukuliwe kwamba gari lililosimama limegongwa, likafikia mwendo wa kilomita 16 kwa saa katika muda wa sekunde 0.1. Mwendo huo ni sawa na meta 4.4 kwa sekunde, kwa hiyo mchapuko, yaani kiasi cha kuongezeka kwa mwendo, ni kama meta 44 kwa sekunde kwa sekunde. Kani inayohitajika kukipa kichwa mchapuko huo ni 4.5 mara 44, yaani karibu nyutoni 200. Huo ni uzito wa ndoo ya maji ya lita 20. Pasipo kiegemeo, mzigo huo wote huivuta shingo peke yake.

Kiegemeo kikiwepo, jambo kubwa ni pengo lililoko kati yake na kisogo. Pengo likiwa milimeta 55, kiegemeo hukifikia kichwa baada ya sekunde 0.05, wakati tofauti ya mwendo baina ya hivyo viwili ni meta 2.2 kwa sekunde. Pengo likiwa milimeta 110, hukifikia baada ya sekunde 0.07, na tofauti ya mwendo imekwisha kupanda hadi meta 3.1 kwa sekunde. Kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata mraba wa mwendo, pengo maradufu huleta pigo lenye nishati maradufu. Hesabu hii imerahisishwa, maana shingo ya kweli huanza kukivuta kichwa mapema kidogo. Lakini funzo lake halibadiliki. Kila milimeta ya pengo ina gharama.

Kwa sababu hiyo Marekani ilitangaza kanuni mpya mwaka 2004, ikaanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2009. Pengo katika viti vya mbele lisizidi milimeta 55, yaani upana wa vidole vitatu hivi. Mwaka 2008 kanuni ya kimataifa kuhusu viegemeo hivyo ilipitishwa chini ya Umoja wa Mataifa. Viwanda vinavyouza magari yao katika nchi nyingi vilibuni viti vipya, na madereva waliozoea viegemeo vya zamani, vilivyokaa mbali na kichwa, wakaanza kulalamika.

Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni hili: vidole vitatu kutoka katika kichwa cha nani? Pengo hilo hupimwa kwa kifaa chenye umbo na uzito wa mwanamume wa wastani, na mgongo wa kiti ukiwa umelazwa. Pembe ya digrii 25 kutoka wima imezoeleka katika vipimo vya aina hiyo. Mtu anayeketi hivyo huinamisha shingo mbele kidogo ili macho yaone barabara, na kisogo chake hujitenga na kiti. Lakini wapo wengi wanaopenda kuketi wima, hasa watu wafupi wanaohitaji kuona juu ya usukani. Kwao kichwa hukaa karibu zaidi na mstari wa mgongo, na zile milimeta 55 huisha zote. Mwenye fundo la nywele nyuma ya kichwa, au aliyesuka nywele nene, au aliyefunga kilemba, huisha nafasi hata kabla ya kuketi vizuri.

Waturkana wa kaskazini ya Kenya wana kigoda kidogo cha mti, ambacho mwanamume hukichukua kila aendako. Huketi juu yake mchana, na usiku hukiweka chini ya shingo ili nywele zilizotengenezwa kwa ustadi zisiharibike. Fundi wa kigoda hicho alijua kwamba kinachoegemewa na kichwa lazima kizingatie nywele na shingo ya anayekitumia. Kiwanda cha magari hakiwezi kumchongea kila mnunuzi kiti chake, lakini kinaweza kuweka kiegemeo kinachosogea mbele na nyuma kwa hatua ndogo, kama kinavyopanda na kushuka. Viegemeo vya namna hiyo vimekwisha kutengenezwa. Kinachosikitisha ni kwamba katika magari mengi ya bei nafuu havimo.

Jambo hili linawagusa wanawake kwa namna ya pekee. Imejulikana tangu miaka ya 1960 kwamba wanawake huumia shingo zaidi kuliko wanaume katika ajali za kugongwa nyuma. Hata hivyo, sanamu za kupimia ajali hizo ziliendelea kuwa za mwanamume wa wastani. Ni mwaka 2022 ndipo kundi la watafiti wa Sweden, likiongozwa na mhandisi Astrid Linder, lilipoonyesha sanamu ya mwanamke wa wastani iliyobuniwa mahsusi kwa ajali za nyuma, yenye urefu wa sentimeta 162 na uzito wa kilo 62. Mwanamke anayesema kiegemeo kinamwumiza huenda anaeleza kwa maneno kile ambacho vipimo vilichelewa kukieleza kwa tarakimu.

Watakuwako watakaosema kwamba raha ni anasa na usalama ni lazima; kwa hiyo dereva na avumilie. Hoja hiyo ina sura ya hekima, lakini haihesabu tabia ya binadamu. Kinga inayoumiza kila siku, kwa ajili ya ajali ambayo huenda isitokee, haikai mahali pake. Kiegemeo kilicho umbali wa milimeta 70 kikabaki kitini humlinda mtu; kile cha milimeta 55 kilichotupwa katika buti hakimlindi yeyote. Mhandisi asiyeihesabu raha ya mtumiaji ameacha sehemu ya usalama nje ya hesabu yake.

Wakati viwanda havijabadilika, mwenye gari asikate tamaa wala asichukue koleo. Kwanza aketi makalio yakiwa yamegusa mgongo wa kiti. Pili alaze mgongo wa kiti kidogo kidogo, digrii moja au mbili kila mara, mpaka kisogo kipate nafasi, kisha ausogeze usukani karibu, kama gari lake linaruhusu. Tatu akipandishe kiegemeo mpaka ukingo wake wa juu ulingane na utosi, au ukaribie. Kilichoachwa chini humsukuma mtu shingoni na katika ajali huweza kuwa kama nguzo ya kupindia shingo. Nne akisome kitabu cha gari, kwani baadhi ya viegemeo huinama au husogea, na wenyewe hawajui. Fundo la nywele lishushwe au lipandishwe wakati wa safari. Kukigeuza kiegemeo kusifanywe kabisa, kwa sababu umbo lake hutazama pasipo na kichwa, na pengo huongezeka kwa kiasi ambacho hakuna aliyekipima. Na anayetafuta gari aketi ndani yake nusu saa kabla ya kulipa. Kiti hakijulikani kwa kutazamwa.

Walimu wa fizikia wamepata hapa somo lisilohitaji maabara ya fedha nyingi. Gari la shule, rula, na wanafunzi kumi wa vimo mbalimbali vyatosha. Kila mmoja aketi, pengo la kisogo lipimwe kiti kikiwa wima na kikiwa kimelazwa, na matokeo yachorwe katika grafu. Darasa litaona kwa macho yake jinsi namba moja iliyoandikwa katika sheria inavyowagawanya watu wa aina mbalimbali. Vipimo hivyo vikipelekwa kwa shirika la viwango la nchi, vitakuwa na uzito kuliko manung'uniko ya barabarani, kwa maana vitaonyesha ni nani aliyesahauliwa na kwa milimeta ngapi.