Nyumba ya Wawili, Deni la Mmoja

Desturi yetu sisi watu wa pwani, kijana akitaka kuoa, wazee wa pande mbili huulizana mengi. Huulizwa ukoo wake, huulizwa dini yake, huulizwa kazi yake na mwenendo wake mitaani. Lakini katika posa zote nilizohudhuria, sijapata kumsikia mzee akikohoa na kuuliza, "Je, kijana huyu anadaiwa?" Neno hilo huonekana la fedheha. Mimi leo nasema kuwa fedheha iliyo kubwa zaidi ni kutouliza, na nasema hivyo kwa sababu imenipata mwenyewe.

Mke wangu ni mwalimu. Kwa miaka mingi tumepanga, na kila mwaka kodi ikipanda. Nyumba aliyotuachia marehemu baba iko Majengo, lakini ni zile nyumba zetu za Mombasa ambazo kuta ni zako na ardhi ni ya mwingine. Nyumba kama hiyo huwezi kuipeleka benki ukaiweka rahani, kwani hati ya kiwanja huna. Basi mke wangu alipopata habari za nyumba ndogo upande wa Kisauni, yenye hati yake safi, alifurahi mno. Tukavaa vizuri, tukaenda benki kuomba mkopo kwa majina yetu mawili.

Afisa wa mikopo alitupokea kwa heshima. Akatazama mishahara na mapato, akatazama vitambulisho, kisha akatazama taarifa zetu za CRB. Hapo akanyamaza. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nalijua deni la duka la mwaka 2019. Nilikuwa nalijua. Aliyekuwa halijui ni mke wangu, aliyeketi kando yangu.

Hadithi yake si ndefu. Mwaka huo 2019 nilikopa ili kujaza duka langu la vitambaa. Ukaja ugonjwa wa Korona, biashara ikalala, na mapema mwaka 2021 nikashindwa kulipa. Benki iliyonikopesha ilinipa taarifa ya barua kabla ya jina langu kupelekwa, kama sheria inavyotaka. Barua ile niliisoma mara moja, nikaitia ndani ya mtoto wa meza, nikafunga kwa ufunguo. Baadaye nililipa kidogo kidogo hadi nikamaliza mwaka 2023. Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe deni likilipwa huandikwa kuwa limelipwa, lakini kumbukumbu ya kuchelewa kwake hubaki miaka mitano.

Tulipotoka nje mke wangu hakunigombeza. Alinambia maneno machache tu: "Baba watoto, deni lako ningelibeba pamoja nawe. Siri yako ndiyo iliyonishinda." Ndugu msomaji, afadhali angelinitukana.

Wapo watakaosema kuwa kosa ni la benki, kuwa haifai mtu aliyekwisha kulipa aendelee kutazamwa kwa jicho baya. Nami nakiri kuwa hoja hiyo ina uzito. Mtu aliyeangushwa na msiba uliowaangusha wengi si sawa na mtu aliyekopa akakimbia, na dini yetu yatuamuru kumpa muhula mwenye dhiki. Lakini tusijifiche nyuma ya hoja hiyo. Dini hiyo hiyo ndiyo iliyotupa aya ya deni katika Suratul Baqara, aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, yenye kuamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Na Mtume (S.A.W.) alipoletewa jeneza alikuwa akiuliza kama maiti ana deni. Ikiwa maiti huulizwa, vipi bwana harusi asiulizwe?

Wengine hudhani kuwa wakikimbilia benki zinazofuata sharia watasalimika. Benki za namna hiyo zilianza kazi hapa Kenya mwaka 2008, na njia zao ni tofauti. Katika njia ya ushirika, benki na mteja huinunua nyumba pamoja, kisha mteja hulipa kodi ya fungu la benki huku akilinunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yake yote. Njia hiyo yakuepusha na riba, lakini haikuepushi na historia yako. Benki hizo nazo zina leseni ya Benki Kuu, nazo pia hutaka kujua umewalipaje waliokuamini kabla yao.

Sasa lipi la kufanya, mke na mume wakijikuta katika hali yetu? La kwanza, kila mmoja aombe taarifa yake kabla hawajakwenda benki. Sheria imempa kila mtu haki ya nakala moja kwa mwaka bila malipo. Akiona kosa, kama vile deni alilolilipa kuonyeshwa halijalipwa, ana haki ya kupinga na kutaka lichunguzwe. La pili, kama deni bado lipo, lilipwe kwanza. Dawa ya deni ni kulipa, na nyumba yaweza kungoja.

La tatu ndilo lenye kuwakera wanaume wenzangu. Yule mwenye jina safi aweza kuomba peke yake. Mkopo utakuwa mdogo, kwa kuwa benki itahesabu mshahara mmoja, na hati itakuwa kwa jina lake. Ndivyo alivyotushauri yule afisa: mke wangu aombe, nami niweke sahihi ya ridhaa tu, kwani sheria ya ardhi ya mwaka 2012 yataka mwenzi anayeishi katika nyumba ya ndoa aridhie kabla haijawekwa rahani.

Nilipolieleza jambo hili barazani, wazee walicheka. Mmoja akasema, "Basi wewe sasa utakuwa mpangaji wa mkeo!" Nilitoka pale nimeinamisha kichwa, na siku tatu nzima nilikataa kutia sahihi. Kisha nikajiuliza: hivi aibu hii nimeitoa wapi? Sharia imempa mwanamke mali yake mwenyewe tangu karne kumi na nne zilizopita, haichanganyiki na ya mumewe ila kwa ridhaa yake. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mwenye mali na biashara, na Mtume (S.A.W.) alimfanyia kazi kabla ya kumwoa. Basi aliye bora kuliko sisi hakuona haya, sisi twaona haya ya nini?

Nilitia sahihi. Masurufu ya nyumba na karo za watoto zimebaki juu yangu, kama zilivyokuwa siku zote. Na pale nitakapochangia katika malipo ya nyumba, tumekubaliana tuandike mbele ya mashahidi wawili, kiasi gani na kwa nia gani, kama ni zawadi au ni fungu langu. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 imewaruhusu Waislamu kufuata sharia yao katika mali ya ndoa, lakini hata kadhi hawezi kuhukumu lisiloandikwa wala kushuhudiwa. Mara ngapi tumeona ndugu wakigombana juu ya mirathi, huyu akisema nyumba ni ya baba na yule akisema ni ya mama, na wenye kujua wamekwisha zikwa?

Nawaomba wazee wetu wa posa waongeze swali moja. Lisiwe swali la kumfukuza kijana, kwani wengi wadaiwa na ni watu wema. Liwe swali la kumfundisha kuwa ukweli ni sehemu ya mahari. Nanyi vijana, mkiulizwa msione haya. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Ile barua niliitoa ndani ya mtoto wa meza, nikampa mke wangu aisome. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka pamoja na karatasi za nyumba. Ufunguo wa meza hakunirudishia, nami sikumwomba.