Kabla ya kuacha kazi kwa ajili ya msongo

"Daktari, niache kazi nitafute ya kuandika na kuhariri nikiwa nyumbani?" Swali hili huulizwa na wazazi walio walimu na makarani, hata huko Mamboya, wenye kichwa kisichoacha kuuma na usingizi wa mang'amung'amu.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linaeleza kuwa kuchoshwa na kazi hutokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, si ugonjwa. Basi tiba ianzie kwenye mpangilio wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Je, unazipata?

Kazi ya lugha si ngeni Mamboya: mmisionari J. T. Last, aliyeishi hapo, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Lakini mhariri naye hukimbizwa na tarehe, malipo humchelewea, na nyumbani hakuna kengele ya kumaliza kazi. Tena, kadi ya bima ya mwajiriwa ndiyo inayomtibu mtoto wake.

Kwa hiyo usianze kwa kuacha mshahara. Chukua kazi moja ndogo ya kuhariri, uone usingizi unakuwaje. Kichwa kikiendelea kuuma, pima presha na macho. Ukiona huna hamu ya kuishi, nenda kituo cha afya leo hii.