Kazi ya Mwalimu Haipimwi kwa Vipindi Tu

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wanafunzi twatazama ratiba ukutani, twaona kila mwalimu ana vipindi 20, twasema wamegawiwa sawasawa. Sivyo. Mwalimu wa lugha mwenye mikondo minne ya wanafunzi 45 hukusanya insha 180. Akisahihisha kila moja kwa dakika tano tu, hizo ni saa 15, na ratiba haionyeshi hata moja. Mwalimu wa kemia naye hutayarisha maabara kabla ya kengele, na mwalimu wa zamu huamka kabla yetu.

Muhula huu insha yangu ilirudi baada ya wiki tano. Nilinung'unika sana, hata usiku mmoja nikaona taa ya mwalimu yule ikiwaka nasi tumekwisha lala. Lakini insha iliyochelewa haimfunzi mtu, nasi wa kidato cha nne tuna mtihani mbele yetu.

Basi yafaa wakuu wa idara wahesabu madaftari pamoja na vipindi, na mwenye mengi apunguziwe zamu. Nasi wanafunzi tuandike kwa hati inayosomeka.