BULABO: KICHEKO SI DHAMBI, MGANGA NDIYE MTIHANI



Ndugu zangu, ikifika Juni vijana wa hapa Ushirombo huniuliza: "Sheikh, kwenda Bujora kutazama ngoma za Bulabo ni haramu?"

Mimi nimekulia Usukumani. Nawajua Bagika na Bagalu: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Naijua bugobogobo, watu wanacheza na majembe yao kama wako shambani. Kumcheka anayerusha jembe juu na kulidaka si dhambi. Mtume (s.a.w.) alimwacha Bi Aisha (r.a.) awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, mpaka akatosheka mwenyewe.

Ibada ya Wakatoliki inayoambatana na sikukuu hiyo tuwaachie wenyewe, kwa heshima. Na swala isikupite.

Tatizo ni dawa. Tangu zamani manju hutafuta kwa mganga dawa ya kuvuta watu. Hiyo ni shirki, hata ngoma ikiwa tamu vipi.

Lakini usimnyooshee manju kidole. Wewe mchimbaji, kabla ya kushuka duarani ulipitia wapi? Wewe mwenye duka, hirizi ya mlangoni ni ya nini? Kanda yetu hii imemwaga damu ya ndugu zetu wenye ualbino kwa imani hizo hizo, na waliokwenda kwa waganga hawakuwa wacheza ngoma peke yao.

Kijana, nenda katazame, ucheke, urudi. Mganga usimfuate, si kwa ngoma wala kwa dhahabu.

Wabillahi tawfiq.