UKURASA WA MOTOKARI: Nani atanyoosha magurudumu ya 205 GTI ya zamani?



Leo, mbele ya kwenda kazini, inama nyuma ya motokari yako. Tia mkono upande wa ndani wa mpira, ule upande ambao macho hayaoni, na upapase polepole usijikate. Kwa inje mpira unaonekana mzuri, mistari yake ingali na kina. Lakini kwa ndani pengine mkono wako utakuta pahali palaini kama kipara, na nyuzi za chuma zinaanza kutoka. Kama ni hivyo, ukurasa wa mwezi huu ni wako.

Tunasema juu ya paralelisme, ni kusema kazi ya kunyoosha magurudumu. Tena tunasema juu ya wale wanaopata shida zaidi, wenye motokari za spoti za zamani. Wanazunguka garaji tatu, nne, na kila pahali wanasikia neno lingine. Mmoja anasema: "Iko bien, mukubwa, enda tu." Mwingine anasema: "Ile haitengenezekake." Wa tatu anatwaa franga, anafunga boulon mbili, na kisha wiki mbili motokari inavuta tena pembeni.

Tutatwaa mfano mmoja, Peugeot 205 GTI. Peugeot ilitoa 205 mwaka 1983. GTI ya 1.6 ilifuata mwaka 1984, na mwaka 1986 ikatoka ile ya 1.9 yenye nguvu za farasi 130. Ni motokari ndogo, nyepesi, inayokimbia sana, na haitengenezwi tena tangu miaka ya 1990. Mafundi wengi vijana hawajashika moja hata siku moja. Lakini wewe mwenye Toyota au Mazda usigeuze ukurasa, kwa maana njia ya kutafuta fundi ni ile ile.

Paralelisme ni nini?

Mwangalie mtu anapotembea. Kuna mwenye vidole vya miguu vinavyoelekea ndani, na kuna mwenye vidole vinavyoelekea inje. Magurudumu ni hivyo hivyo, yanabana au yanafunguka. Hiyo ndiyo pembe ya kwanza. Pembe ya pili ni kulala, kama juu ya gurudumu inaegemea ndani ao inje. Pembe ya tatu haionekani kwa macho, ni ile inayofanya usukani urudi wenyewe katikati kisha kona.

Pembe ya kwanza ndiyo inayokula mpira upesi. Tufanye hesabu pamoja. Chuma cha gurudumu cha 205 GTI ya 1.9 kina upana wa sentimeta karibu 40 kutoka ukingo wa mbele mpaka ukingo wa nyuma. Kama gurudumu moja limekosa njia kwa milimeta 3 tu katika upana huo, kila kilometa 1 unayotembea, mpira unasukumwa kwa pembeni karibu metre 7 na nusu. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120. Ukifika, mpira wako umekokotwa kwa pembeni karibu metre 900! Ni mpira gani utavumilia hiyo?

Sasa sikia vizuri. Kwa 205, kiwanda kiliacha pembe moja tu ya kutengeneza, kubana na kufunguka kwa magurudumu ya mbele. Kulala kwa mbele hakuna boulon yake. Kwa nyuma hakuna kitu cha kufunga wala kufungua. Basi fundi akikuambia "nyuma haitengenezeki kwa mashini", hakudanganyi. Lakini kama anaishia hapo, hajakusaidia bado.

Motokari nyingine ni tofauti. Mazda MX-5 iliyotoka mwaka 1989 ina boulon za kutengeneza pembe kwa magurudumu yote ine. Lakini kisha miaka mingi boulon hizo zinashikwa na kutu, hazizunguki tena, na fundi anaogopa kuzivunja. Unaona? Neno ni moja, "paralelisme", lakini kazi si moja kwa kila motokari. Kwa hiyo fundi asiyeuliza kwanza ni motokari ya namna gani, umwachie salamu na uende.

Ugonjwa wa nyuma

Watu wengi wenye 205 wanatafuta paralelisme, kumbe ugonjwa ni mwingine. Magurudumu ya nyuma yanashikwa na mikono miwili ya chuma. Kila mkono una mhimili unaozunguka ndani ya bomba kubwa, juu ya rulema za sindano. Maji na udongo vinapoingia, grisi inaharibika, na zile sindano zinaanza kula mhimili. Kidogo kidogo gurudumu linalala, juu linaingia ndani na chini linatoka inje.

Dalili ni hizi. Simama metre 10 nyuma ya motokari na utazame. Kama magurudumu yametanua miguu kama mtu aliyebeba mufuko wa unga mukubwa, shaka inaanza. Sikiliza kama nyuma inalia kriii watoto wakipanda. Papasa ndani ya mipira kama tulivyosema. Kisha fundi ainue nyuma, aweke vigingi vya nguvu chini (cric peke yake haitoshi, watu wamekufa), ashike gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, aangalie kama ni rulema ya gurudumu lenyewe ao ni mhimili wa mkono. Hayo ni magonjwa mawili, na bei mbili.

Kama ni mhimili, hakuna mashini ya paralelisme itakayoponyesha. Inapasa kushusha daraja lote la nyuma, kutia mihimili na rulema mpya, na kupima kama bomba lenyewe halijalika. Wengine wananunua daraja la motokari iliyokufa. Si vibaya, lakini lipimwe mbele ya kulipa, kwa maana nalo lina miaka ile ile na pengine ugonjwa ule ule.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu 205 GTI ina tabia moja inayojulikana. Ukiingia kona mbio, kisha ukaogopa na kuondoa mguu ghafula kwenye pedali ya mafuta, nyuma inaweza kutoka na kukupita. Hiyo ni tabia yake hata ikiwa mpya. Sasa weka mipira iliyolika ndani, mhimili unaocheza, mvua ya mwezi wa kumi na mbili, na camion ya shaba inayokuja mbele yako. Hapo si hesabu ya mipira tena.

Maswali matano kwa fundi

Usimuulize kwanza bei. Muulize hivi:

1. "Fundi, unaangaliaka chini mbele ya kutengeneza?" Fundi mwema anatikisa rotule, bieleti za usukani, mipira midogo ya mikono na rulema. Akikuta kitu kinacheza, anakataa kufanya paralelisme mpaka kibadilishwe. Yule anayekukatalia kazi ndiye anayekuhurumia.

2. "Unapima mbele tu ao magurudumu yote ine?" Hata kama nyuma ya 205 haitengenezeki, lazima ipimwe. Ikikosa njia, motokari inatembea kwa ubavu kama imbwa, na mbele itafuata uongo huo.

3. "Hesabu za kiwanda utazitoa wapi?" Mashini nyingi za leo zinajua jeep za kampuni, lakini hazina habari za motokari ya mwaka 1988. Basi tafuta wewe mwenyewe kitabu cha matengenezo cha 205, kama vile *Revue technique automobile*, ao picha ya ukurasa wake, na uende nayo. Angalia kama ni ya 1.6 ao 1.9.

4. "Utanipa hesabu za mbele na za kisha kazi?" Ziandikwe hata kwa mkono kwenye kikaratasi. Bila hesabu, unanunua maneno.

5. "Usukani utakuwa katikati?" Kwa 205 kuna bieleti kushoto na kuume. Fundi mvivu anazungusha moja tu. Pembe inakuwa nzuri, lakini usukani unalala pembeni. Inapasa kugawanya kazi pande zote mbili.

Jambo lingine, 205 iliyoshushwa chini inaweza kugonga tumbo kwenye mlango wa mashini. Sema mapema, mbao mbili zinatosha kuiinua. Nenda na mipira yenye upepo sawasawa, na sanduku la nyuma bila mizigo.

Kama hakuna mashini

Usikate tamaa. Mbele ya mashini za taa, mafundi walitumia kamba, na kamba haidanganyi mtu mwenye subira. Tafuta saruji iliyo sawa. Weka usukani katikati na kuufunga. Simamisha vigingi ine, viwili mbele na viwili nyuma, na nyosha kamba moja kila ubavu, kwa urefu wa katikati ya gurudumu. Kamba mbili ziwe sambamba, upana wa mbele uwe sawa na upana wa nyuma, na motokari iwe katikati yao. Upana wa magurudumu ya mbele si sawa na wa nyuma, kwa hiyo pima kutoka katikati ya gurudumu, kushoto na kuume, mpaka nafasi ziwe sawa.

Sasa twaa rula. Pima kutoka kamba mpaka ukingo wa mbele wa chuma cha gurudumu, kisha mpaka ukingo wa nyuma. Tofauti ya hizo mbili ndiyo pembe yako. Kama mbele iko mbali na kamba kuliko nyuma, gurudumu linabana. Kama iko karibu, linafunguka. Fungua nati ya bieleti, zungusha kidogo, sukuma motokari mbele na nyuma ili ikae vizuri, pima tena. Fanya mara tatu. Mzee aliyejifunza kazi kwenye Peugeot 404 ao 504 anajua hii kazi. Katika mji wenu pengine yuko mmoja, anakaa mbele ya nyumba yake na hakuna mtu anayemuuliza kitu.

Kisha kazi

Endesha kwanza pamoja na fundi. Motokari ikivuta kidogo kuume, usimlaumu haraka. Barabara nyingi zimeinama pembeni ili maji ya mvua yashuke, na sisi tunaendesha upande wa kuume. Tafuta pahali palipo sawa na ujaribu tena. Ikivuta bado, badilisha mipira ya mbele, ya kushoto iende kuume na ya kuume iende kushoto, kama namna ya mipira inaruhusu. Motokari ikivuta sasa upande mwingine, kosa liko kwenye mpira, haliko kwa fundi.

Neno kwa nyumba

Kuna mama atakayesoma hapa na kusema: "Baba, hii motokari inakula kuliko batoto!" Mama, una haki ya kuuliza. Na wewe baba, usimjibu kwa hasira, mjibu kwa kikaratasi cha hesabu. Mkae pamoja, mpange franga kwa utaratibu huu. Kwanza vitu vinavyocheza. Kisha mipira na paralelisme, siku moja. Ukitia mipira mipya juu ya mhimili uliokufa, umetupa franga za masomo barabarani, na utazitupa tena kisha miezi michache.

Na kama daraja la nyuma linaomba franga ambazo nyumba haina mwaka huu? Basi 205 ikae kwenye kiwanja, ifunikwe, ingoje. Hakuna haya. Motokari imengoja miaka zaidi ya 30, inaweza kungoja mwaka mmoja tena. Lakini usipakie watoto nyuma juu ya mpira ulioona nyuzi zake kwa macho yako, hata kama safari ni ya kwenda tu sokoni.

Mwezi ujao, ndugu msomaji, tutasema juu ya freni zinazovuta upande mmoja, kwa maana wengi wanazichanganya na paralelisme. Kaeni salama, mutembee polepole.