DAKIKA 45 ZISIISHIE MLANGONI MWA CHUO KIKUU



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, kipande na viatu vya kazi. Leo naomba tuzungumze habari ya watoto wetu waliobahatika kufika chuo kikuu, hasa wale ambao akili zao hufanya kazi kwa njia yake.

Jambo hili nalijua kwa mwili wangu. Nilisoma hapa Arua mpaka darasa la saba, nikaishia hapo. Herufi b na d kwangu zilikuwa kitu kimoja. Nikimaliza mstari mmoja, wenzangu wamemaliza ukurasa. Mwalimu alisema mimi ni mvivu, nikachapwa sana, na fimbo haikunifundisha kusoma. (Hata makala hii nimeiandika kwa siku nne, na karani wa tawi amenisahihishia.) Nilikwisha kuwa mtu mzima ndipo nikasikia kwamba hali hiyo ina jina, disleksia, na kwamba si uvivu wala ujinga.

Binti yangu ameirithi. Yeye alipata mwalimu mkuu mwenye macho, akamwombea msaada katika mtihani wa darasa la saba. Baraza la Mitihani la Uganda huwahesabu watoto wa namna hii pamoja na wasioona na viziwi, na huwaongezea dakika 45 katika kila karatasi. Binti akafaulu. Akaendelea hivyo hivyo mpaka akapata nafasi katika chuo kikuu kimoja, mbali na hapa. Huko alipoomba dakika zake aliambiwa, "Hapa si shule ya msingi." Karatasi mbili ameshindwa, si kwa kutojua, bali kengele imelia maswali mawili hayajaguswa. Juzi amenipigia simu: "Baba, nirudi nyumbani nilime tumbaku?" Sikuwa na jibu.

Kwa miaka mingi Serikali imetenga nafasi 64 kila mwaka kwa wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vikuu vya umma. Hilo ni jema. Lakini mwenye fimbo nyeupe kila mtu humwona. Mwenye usonji, au yule ambaye mawazo yake hayatulii mahali pamoja, au msomaji wa polepole kama sisi, nani atamwona? Ili aaminiwe atatakiwa karatasi ya mtaalamu. Mtoto wa tajiri ataipata. Mtoto wa mkata miwa ataitoa wapi?

Wenzangu wengine kazini wamesema huo ni upendeleo. Hapana, ndugu zangu. Maswali ni yale yale, na alama ya kufaulu ni ile ile. Katika ghala la tumbaku nilipoanzia kazi kulikuwa na mama mmoja asiyeweza kusoma hata jina lake katika daftari la mahudhurio. Mpe jani, atalishika tu na kukuambia daraja lake, na hakosei. Nyapara wetu, ambaye kwa mambo mengine sikumpenda, alikuwa na busara kwa hili: alifunga marobota kwa kamba za rangi mbalimbali badala ya kuyaandika. Yule mama akawa hodari kuliko sisi sote. Je, alipendelewa? Au kampuni ndiyo iliyofaidika?

Na chuo kikuu hakiombwi mambo makubwa. Muda wa ziada, chumba kisicho na kelele wakati wa mtihani, maelezo ya somo yatolewe mapema, na ruhusa ya kurekodi mwalimu kwa simu. Wataalamu wapo nchini: Chuo Kikuu cha Kyambogo kilipoundwa 2003 kilichukua chuo cha taifa cha elimu maalumu, kilichokuwa kikifundisha walimu wa kazi hii. Chuo Kikuu cha Muni kiko hapa hapa Arua tangu 2013, hata kwa baiskeli tunafika.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa tawi nitaomba mambo mawili yaandikwe. Chama kipeleke barua Muni kuuliza mwanafunzi wa namna hii amwone nani, na anapewa nini. Na tudai gharama ya karatasi ya mtaalamu isibebwe na mzazi anayelipwa kwa kipande. Wanachama wa Koboko wenye watoto kama hawa waje pia, au wamtume mtu. Binti yangu atarudia karatasi zake mbili muhula ujao, na ningependa barua iwe imetangulia.